Mtendaji Kati ya Marehemu

Kigango kizima kilikuwa kimeshamzika Mtendaji wa Kata ndipo Natalia alipokumbuka kwamba mtu mwenyewe yuko hai, ana pikipiki, na ana mgambo.

Hawakumzika kwa jembe. Walimzika kwa mdomo. Ilikuwa Jumapili, padri yuko parokiani mbali, na kama ilivyo kwenye vigango vyote vya huku juu, ibada iliongozwa na katekista. Katekista ni Baltazar, mume wa Natalia. Kwenye maombi ya waumini Baltazar hasomi popote. Maombi yote yamo kichwani, yamepangwa kama ng'ombe wanaoijua njia ya kisimani. Linatangulia Kanisa, wanafuata viongozi wa serikali, inakuja mvua, wanakuja wagonjwa, na marehemu ndio mkia. Jumapili ile ng'ombe mmoja alirukwa. Baltazar alitoka kwa Baba Mtakatifu akaingia kwenye mvua moja kwa moja, akapita wagonjwa, akafika kwa marehemu, akamtaja mzee wa bondeni, akamtaja yule mama wa kwaya. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba serikali haijaombewa, na paroko alishaagiza iombewe kila Jumapili bila kukosa. Mtu mwenye akili zilizotulia angerudi nyuma. Baltazar aliisukumia serikali mlemle alimokuwa amefika.

"Na Mtendaji wetu wa Kata, Patriki Qamara," alisema, kwa sauti ileile ya kubembeleza wafiwa.

Kanisa likaitikia. Mkulima aliyeamka alfajiri kukamua, akapanda mlima na viatu mkononi, akifika kwenye benchi hasikilizi kila neno. Anasikiliza sauti ikishuka, anajua zamu yake imefika. "Raha ya milele umpe ee Bwana," waliimba wote, wake kwa waume, "na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina."

Natalia naye aliitikia, tena kwa sauti, maana mke wa katekista hanong'oni. Ile amina ilikuwa bado mdomoni aliposikia ladha yake.

Benchi la nyuma mtu mmoja alicheka, akakatisha. Mzee Akonaay, mwenyekiti wa kigango, aligeuza shingo polepole, akawatazama watu kama anayetafuta aliyevunja chungu. Kule kwenye kwaya, binti mmoja alikuwa amewasha simu anarekodi nyimbo za mazoezi, na uso wake ulionyesha kwamba amerekodi na zaidi.

Siku nyingine ibada ikiisha watu husimama nje, wakashikana mikono, wakanadi kuku wa sadaka, wakasengenyana kidogo kwa upendo. Siku hiyo walitawanyika kama vifaranga waliomwona mwewe. Kuku wa sadaka alibaki amefungwa miguu mlangoni, hana mnunuzi.

Nyumbani, Natalia aliweka ugali na maziwa, akaketi mkabala na mumewe.

"Baba Gidion, ulisahau?"

"Nilisahau."

"Kabisa?"

Baltazar alimega tonge, akalitazama, akalirudisha sahanini. "Nilipofika kwenye jina lake kule mwanzo, koo lilikataa. Nikaliruka. Nikasema nitalirudia."

"Na kweli umelirudia."

Hakucheka. Natalia mwenyewe alitamani asingelisema, ila yeye akiogopa ulimi wake hukimbia mbele peke yake, na kuukamata ni kazi.

Sababu ya koo kukataa ilijulikana na kila mtu. Wiki iliyotangulia, ng'ombe wa Hilda, mjane jirani yao, alikamatwa kwenye shamba la shule, akafungiwa kwenye zizi la kata bila maji, akazaa humohumo, akafa na ndama wake. Baltazar alikuwa ameshuka ofisini kumwombea huruma mapema, ng'ombe akiwa bado hai. Mtendaji hakumkaribisha ndani. Alimwambia akae chini ya mlingoti wa bendera asubiri, na jua la mchana likimchoma, wanafunzi wakipita na madaftari yao na kumsalimia mwalimu wao wa dini aliyekaa vumbini. Alipoitwa hatimaye, aliambiwa aivue rozari shingoni. "Hapa ni serikali," alisema Mtendaji, "si sakristia."

"Watasema umemlaani," alisema Natalia.

"Mimi ni katekista, Mama Gidion. Nitamlaanije mtu?"

"Ndiyo maana watasema."

Baltazar alijifuta mikono ingawa hakuwa amekula. Wote wawili walikuwa watu wa hukuhuku, hawakuhitaji kuelezana. Kabla ya kanisa, wazee walikuwa na namna yao ya kulitaja jina la mtu mbele ya umati ili mtu huyo asione mavuno mengine. Kanisa lilipokuja lilibadilisha maneno, likajenga na jengo la bati zuri, lakini ile hofu haikuhama. Ilijisogeza tu kidogo, ikapata benchi lake.

Katikati ya wiki Natalia alishuka dukani kwa Tawakali kununua chumvi. Tawakali ni mfanyabiashara, babu yake alitokea Kondoa na magunia ya sukari akakataa kurudi, na utani wa Tawakali ni sehemu ya bidhaa zake. Ukinunua usiponunua unapewa.

"Mama katekista! Karibu. Leo tukupe nini, sanda?"

"Tawakali, acha."

"Nauliza tu, maana wateja wenu mnawaandaa wakiwa wazima." Kisha alimwona usoni, akaacha kutabasamu, akainama juu ya kaunta. "Umesikia lakini?"

"Nimesikia nini?"

"Ile sauti kutoka kwenye simu ya kwaya imefika Nangwa, kwa mama mzazi wa Mtendaji. Mama amepiga yowe, majirani wamejaa, turubai limefungwa, mbuzi amechinjwa. Ndipo shangazi mmoja mwenye akili akasema tupige simu tuulize maiti inasafirishwa lini. Maiti ikapokea ikasema halo."

Natalia alishika ukingo wa kaunta. Tawakali akaendelea, sasa taratibu.

"Hilo tungecheka. Lakini jana alikuwa anashuka Yaeda Chini kwenye mkutano. Unaijua ile njia. Pikipiki imemkataa kwenye mteremko, imemtupa korongoni. Mkono umevunjika. Wanasema alipoinuliwa, neno la kwanza alilosema ni jina la mume wako."

Natalia aligeuka akaondoka.

"Mama katekista! Chumvi yako!"

Hakurudi.

Natalia na mumewe walikuwa uani wanapura maharage Mtendaji alipofika. Alikuja kwa miguu. Mgambo wake wawili walibaki barabarani, wakajifanya wanatazama mlima. Natalia aliyekuwa amezoea kumwona juu ya pikipiki, mwenye miwani ya jua, alishangaa jinsi alivyo kijana. Angeweza kuwa mdogo wa mwanawe Gidion. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa plasta, unaning'inia kwenye kitambaa shingoni.

"Mwalimu yuko?"

Baltazar alitokea nyuma ya rundo la maganda, fimbo ya kupuria mkononi. Aliitazama ile fimbo, akaona inavyoonekana, akaiweka nyuma ya mgongo, ambako ilionekana vibaya zaidi.

"Karibu, Mheshimiwa. Pole na mkono."

"Mwalimu, nimekukosea nini?"

Swali hilo lilimshangaza hata aliyeliuliza. Alitafuta pa kukaa, Natalia akamsogezea kigoda, akakipita, akakaa juu ya gunia la maharage.

"Nilisahau," alisema Baltazar. "Nilikusahau kwenye viongozi, nikakukumbuka nimeshafika kwa..."

"Kwa wafu."

"Ndiyo, kwa hao."

"Watu wanasahauliwa kwenye harusi, Mwalimu. Hawasahauliwi kaburini."

Natalia aliokota punje moja ya maharage, akaitupa, akaokota nyingine.

"Mama yangu haniamini," alisema Mtendaji, akitazama plasta. "Kila asubuhi ananipigia simu, ananiuliza jina la bibi yangu. Nikilitaja anauliza jina la mbwa tuliyekuwa naye nikiwa mdogo. Eti ahakikishe ni mimi. Juzi mbwa nilimsahau jina. Alilia mpaka salio likaisha." Akanyanyua macho, na sauti ya ofisini ikamrudia ghafla. "Sasa sikilizeni. Nimeshaongea na polisi. Kutishia uhai wa mtumishi wa umma, mkutano wa watu wengi, na ushahidi wa sauti upo. Jumatatu gari linapanda kukuchukua."

Natalia alihisi ua mzima unateleza chini yake.

"Lakini nimebatizwa kama ninyi," aliendelea. "Jumapili nitakuja kusali. Utanitaja huku, kwa walio hai. Nao wataitikia, sauti zote, kama walivyoitikia kule. Wakiitikia, nitajua ulisahau, gari halitakuja. Wakinyamaza, nitajua mlipanga, na mpangaji ni wewe."

"Mheshimiwa," Natalia alisema, akajisikia akisema, "wakinyamaza wenyewe, huyu mzee wangu afungwe kwa ajili ya midomo ya watu?"

Mtendaji alisimama, akajikung'uta maganda kwa mkono wa kushoto.

"Mama, mimi nimevunjika mkono kwa midomo ya watu."

Siku zilizobaki Natalia alizunguka nyumba za kigango kama anayekusanya mchango wa msiba, na mchango aliouomba haukuwa wa fedha wala mahindi. Aliomba watu waitikie, basi.

Alianza kwa mwenyekiti, mzee Akonaay, aliyekuwa ameketi kibarazani anaota jua na sweta lake la kijani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Najua kilichokuleta. Mimi ile Jumapili sikuitikia. Nilikuwa napenga kamasi."

"Sawa, baba."

"Muulize hata jirani yangu kwenye benchi. Yeye naye alikuwa anakohoa."

Natalia alikuwa ameshaambiwa hivyo nyumba tatu nyuma. Mmoja alikuwa ananyonyesha, mmoja alikuwa anafunga kiatu. Kwa hesabu hiyo Mtendaji alizikwa na Natalia peke yake, kwa ukelele mmoja.

"Sikuja kuuliza ya siku ile, baba. Nakuomba ya Jumapili hii. Tukimnyamazia, Baltazar anachukuliwa."

Mzee Akonaay alivuta sweta hadi kidevuni. "Mwanangu, nikuambie kitu, usikipeleke kwa paroko. Jina la yule limeshaingia kule. Nafasi imeshaandaliwa. Ukimtoa, nafasi inabaki wazi. Sasa atakayetangulia kufungua mdomo kumtoa, unadhani nafasi itamtazama nani?"

"Baba, wewe ni mwenyekiti wa kigango."

"Ndiyo. Na natamani kuendelea kuwa."

Nyumba zilizofuata waliyasema yaleyale, wengine kwa aibu, wengine kwa kumpa mayai ili aondoke na kitu. Wote walimpenda Baltazar. Aliwabatizia watoto walipokuwa mahututi, aliwaimbia kwenye misiba. Wangemchangia wakili, wangempelekea uji gerezani. Kutangulia kuitikia, hapana.

Mwisho alifika kwa Hilda. Zizi la Hilda lilikuwa tupu na limefagiliwa, jambo ambalo hakuna mtu anayelifanyia zizi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Mama Gidion. Keti. Mume wako alikaa juani kwa ajili yangu, usinipigie magoti."

"Basi utaitikia?"

"Nitakuja. Nitakaa mbele. Nitafungua mdomo, mtaniona meno." Hilda alitazama zizi. "Lakini nikimwambia Mungu ampe yule maisha marefu, Mungu atajua ni uongo. Kumdanganya Mungu kanisani naogopa kuliko polisi. Na mimi sina ng'ombe mwingine wa kuadhibiwa."

Natalia alirudi nyumbani na mayai tu. Alimkuta Baltazar ameshatoa sweta nzito, soksi na kitabu cha sala, ameviweka kitandani, anavitazama.

"Unaenda wapi na hivyo?"

"Nasikia rumande kuna baridi."

"Rudisha kabatini."

"Mama Gidion..."

"Nimesema rudisha!" Kisha akaketi kitandani, akaishika soksi moja, akaona ina tundu, na akaanza kuishona, huku akimlaumu mumewe kwamba miguu yake inakula soksi.

Jumapili kanisa lilijaa kama Pasaka. Walikuja hata wale wanaomkumbuka Mungu kwenye sherehe za kipaimara tu. Mtendaji aliketi benchi la mbele upande wa wanaume, peke yake. Waliotangulia kukaa hapo walikumbuka kwamba wanapenda nyuma. Mgambo walisimama mlangoni, kofia mikononi.

Natalia hakusikia masomo wala mahubiri. Alitazama midomo. Alijua midomo ya kigango kile yote, yenye mapengo na isiyo na mapengo, na yote ilikuwa imefungwa kama milango ya ghala.

"Tuombe," alisema Baltazar.

Waliombea Kanisa. Wakaitikia vizuri, sauti zikajaa hadi kwenye bati. Baltazar akaendelea.

"Tuwaombee viongozi wa serikali yetu. Kwa namna ya pekee Mtendaji wetu wa Kata, Patriki Qamara, Mungu ampe afya na maisha marefu. Ee Bwana..."

Hakuna.

Natalia alifungua mdomo. "Utusikie," alisema, na sauti iliyozoea kubeba kanisa ikatoka nyembamba, ikafika katikati ya neno ikakatika. Hakuna aliyeipokea. Mtoto mmoja aliuliza, "Mama, mbona hawasemi?" akazibwa mdomo. Hilda alikuwa mbele kama alivyoahidi, mdomo wazi, meno yanaonekana, na hakuna kinachotoka. Mzee Akonaay alikuwa amekishika kitambaa chake cha kamasi tayari, kwa ushahidi.

Shingo ya Mtendaji ilikuwa imelowa. Mlangoni mgambo mmoja alitazama saa. Natalia aliiona Jumatatu waziwazi: gari, ua, rundo la maharage, mzee wake akipandishwa na sweta nzito kwapani.

Baltazar alishika kingo za mimbari. Aliponena, hakuwa kwenye ile njia yake ya siku zote. Alikuwa porini, anatafuta.

"Ee Bwana. Kuna mama Nangwa, kila asubuhi anampigia mwanawe simu kuhakikisha kwamba ni mzima na si mzimu. Huyo mwanawe yuko hapa. Anaogopa. Unamwona." Mtendaji aliinua kichwa ghafla. "Mimi namwogopa yeye. Alinikalisha juani, nikapata hasira, na jina lake likanikwama kooni humu ndani mwako. Hilo nalo uliliona. Hawa nyuma yake wanamwogopa, wananiogopa na mimi, wanaogopana wao kwa wao. Hilda anaogopa kukudanganya. Bwana, sisi tumekaa humu wote tunatetemeka, na anayetutawala anatetemeka kuliko sisi. Sijui nikuombe nini. Mtazame yeye, ututazame na sisi. Ee Bwana..."

Natalia alimsikia kuku wa sadaka akikwaruza nje.

"Utusikie," alisema Hilda.

Alisema kikavu, bila wimbo, kama anavyosema bei sokoni. Lakini ni neno alilokuwa analimaanisha, na lilipotoka alionekana kushangaa kwamba bado amekaa, mzima. Natalia akalidaka. Kisha mama mmoja wa kwaya. Kisha, kutoka nyuma ya kitambaa cha kamasi, mzee Akonaay. Halikuja kwa pamoja kama ile raha ya milele. Lilikuja kwa matone, huyu, halafu yule, mtu akitazama kwanza kama aliyetangulia ameanguka, hadi benchi la mwisho. Mgambo mmoja naye alilisema, mwenzake akamkodolea macho.

Walipomaliza wote, ndipo iliposikika sauti moja iliyochelewa, ya mtu ambaye hajaombea kitu miaka mingi.

"Utusikie," alisema Mtendaji.

Nje upepo wa mlimani ulikuwa unavuruga vitenge. Watu hawakutawanyika, lakini hawakusogea pia. Walisimama wamemwachia Mtendaji duara pana katikati ya uwanja, wakingoja kuona kama mtu aliyeitwa mwoga mbele ya kigango kizima ataondoka zake au ataita mgambo. Baltazar alisimama mlangoni na kitabu chake kifuani. Natalia alijua mumewe anawaza lile lile analowaza yeye: kwamba wameitikia, ndiyo, lakini si kwa sala aliyoiagiza Mtendaji.

Hilda ndiye aliyeingia kwenye duara.

"Nimeitikia," alisema. "Sasa ng'ombe wangu?"

"Njoo ofisini kesho," alisema Mtendaji.

"Nije nikae juani?"

"Ndani," alisema. Alisema kwa sauti ndogo kiasi kwamba waliokuwa nyuma waliuliza amesemaje.

Kisha akaja moja kwa moja kwa Natalia. Alinyoosha mkono wa kushoto, maana ndio aliokuwa nao, na huku kwetu mkono wa kushoto haupewi mtu mzima. Natalia aliupokea kwa mikono yake yote miwili.

"Mama," alisema Mtendaji kwa sauti ya chini, "gari halitapanda. Jumapili ijayo mtaniombea tena?"

"Kila Jumapili, mwanangu," Natalia alijibu. "Mpaka tukuzike kweli."

Ulimi ulikuwa umeshakimbia. Natalia aliziba mdomo kwa kiganja. Baltazar akafumba macho. Kigango kizima kikaacha kupumua.

Patriki Qamara aliutazama mkono wake uliovunjika, akamtazama huyu mama wa makamo aliyejiziba mdomo.

"Basi, mama," alisema, "msifanye haraka."